Mashine ya espreso ikifika Dranya: umeme, maji na mawe ndani ya buni

Na Mwandishi Wetu, Koboko

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alinunua Kampala mashine ya espreso iliyokwisha tumika, ile inayojiendesha yenyewe. Akaipakia kwenye basi la usiku hadi Arua, na kutoka Arua hadi nyumbani kwa wakwe zake Dranya, wilayani Koboko. Ilifanya kazi wiki kumi na nne. Wiki ya kumi na tano ilitoa mlio kama wa kinu kinachosaga kokoto, ikasimama. Na kweli ilikuwa kokoto.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa na wafanyabiashara wa njia ya Vurra hadi Oraba kama mashine hizi zina faida, na kama mtu anaweza kuagiza tano au kumi akaziuza Arua, Koboko au ng'ambo ya mpaka. Zinafika huku kwa njia nyingi: ndugu aliye Ulaya anatuma moja, kontena la Dubai linakuwa na mbili tatu katikati ya majiko na pasi, au ofisi ya mradi inafungwa na vifaa vyake vinauzwa. Mnunuzi anaona kitu cha kung'aa, anabonyeza kitufe, kahawa inatoka. Baada ya miezi minne ipo juu ya kabati imefunikwa kitambaa. Makala haya yanaeleza kwa nini, na nini kifanyike.

Ndani ya sanduku kuna nini

Tuanze na kazi yenyewe, kwa sababu anayejua mashine inafanya nini hadanganywi dukani. Ukibonyeza kitufe, kisagio kinasaga kati ya gramu 7 na 12 za buni zilizokaangwa. Unga unaangukia kwenye kitengo cha kupikia, ambacho ni mcheduara wa plastiki wenye bastola ndogo inayoukandamiza. Pampu inavuta maji kutoka kwenye tangi, yanapita kwenye kichemshio, yanasukumwa ndani ya unga yakiwa na joto la nyuzi tisini na kitu, na kahawa inatoka. Kisha machicha yanatupwa ndani ya chombo chake, na mashine inajisuuza.

Wazo hilo si la jana. Angelo Moriondo wa Turin alipata hataza ya mashine ya kahawa ya mvuke mwaka 1884, na Luigi Bezzera wa Milan akafuata mwaka 1901. Lakini kuweka kisagio, pampu na kitengo cha kupikia katika kisanduku kimoja cha nyumbani kulikuja mwaka 1985, pale kampuni ya Saeco ya Italia ilipotoa mashine yake ya Superautomatica. Leo majina unayokutana nayo zaidi ni De'Longhi, Philips (ambayo iliinunua Saeco mwaka 2009) na Jura ya Uswisi.

Neno moja kuhusu kibandiko cha boksi. Utaona bar 15, nyingine bar 19. Hiyo ni nguvu ya juu kabisa ya pampu, wakati espreso inahitaji kama bar 9 tu. Usilipe hata shilingi moja zaidi kwa sababu ya namba hiyo.

Kitu cha kuangalia ni mlango wa pembeni. Mashine nyingi za De'Longhi na Philips zina kitengo cha kupikia kinachotolewa kwa mkono na kuoshwa chini ya bomba. Za Jura kimefungiwa ndani. Husafishwa kwa vidonge, na likitokea jambo lazima fundi afungue. Zote ni mashine nzuri. Lakini kwa mtu wa Dranya, ambaye fundi wa kazi hiyo yuko Kampala, zaidi ya kilomita 450, sioni sababu ya kununua kitu ambacho hawezi kukifungua mwenyewe.

Umeme

Sehemu kubwa ya West Nile iliishi nje ya gridi ya taifa ya Uganda hadi mwaka 2024. Kabla ya hapo kulikuwa na jenereta za Arua, na kuanzia mwaka 2012 bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5. Watu wa huku wanajua kupanda na kushuka kwa umeme kuliko wanavyojua mvua. Gridi imebadilisha mengi, ila bado ziko nyumba nyingi zinazotegemea sola, na nguzo zilizo mwisho wa laini ambako taa hufifia jioni.

Mashine hizi huchukua kama wati 1,500 inapochemsha. Kwa muda mfupi, ni kweli, kama dakika moja ya kupasha moto na sekunde chache kwa kila kikombe, kwa hiyo matumizi ya jumla ni madogo. Tatizo ni ule mvuto wa mara moja. Fanya hesabu: wati 1,500 kwenye betri ya volti 12 ni ampea 125 kabla ya kuhesabu upotevu wa inveta. Inveta ndogo ya wati 500 inayowasha televisheni na taa haiwezi. Kwa dereva wa lori anayefikiria kuiweka kwenye kabini, volti 24 inampa zaidi ya ampea 62, na hiyo si kazi ya soketi ya kuwashia sigara. Ni waya mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi yake. Madereva wenzangu, nunueni chupa ya chai.

Aina ya inveta nayo ina maana. Pampu za mashine nyingi za nyumbani hupiga kwa kufuata mapigo ya umeme, mapigo 50 kwa sekunde. Inveta za bei rahisi zinazotoa umeme wenye ngazi ngazi huifanya pampu inung'unike na kupata joto, na bodi ya elektroniki haizipendi pia. Kama ni lazima utumie inveta, iwe ya umeme laini kama wa gridi, ya wati 2,000 au zaidi.

Halafu kuna plagi. Uganda, Kenya na Dubai hutumia plagi ya miguu mitatu bapa na umeme wa volti 220 hadi 240. Mashine ya Ulaya ni volti 230, hivyo inabadilishwa plagi tu. Mashine iliyotumwa na ndugu aliye Marekani ni volti 120, na ukiichomeka ukutani Koboko itaungua kabla hujaketi. Soma kibao kilicho chini ya mashine, si boksi.

Weka kile kifaa cha kulinda umeme ambacho watu hutumia kwenye friji. Ila fahamu jambo moja: kikikata umeme katikati ya kupika, kitengo cha kupikia kinabaki nusu njia na hakitoki mlangoni. Usikivute kwa nguvu, wala usitumie bisibisi. Rudisha umeme, iache mashine ijipange yenyewe, kisha zima kwa kitufe chake. Vitengo vingi huvunjwa na mikono yenye haraka.

Maji

Maji ya visima huku hupita kwenye mwamba, na hubeba madini kwa viwango tofauti. Kisima cha shuleni na cha sokoni vinaweza visifanane kabisa. Madini hayo, hasa ya chokaa, hujenga ukoko ndani ya kichemshio kama ule unaouona chini ya birika. Kwenye birika unaukwangua. Kwenye kichemshio ambacho njia yake ya maji ni nyembamba kama mrija wa kalamu, huufikii kwa mkono.

Katika boksi la mashine mpya huwa kuna kijiti cha kupimia ugumu wa maji. Watu hukitupa. Kichovye, subiri dakika moja, soma rangi, kisha uweke namba hiyo kwenye mashine. Mashine haionji maji. Inahesabu tu kiasi kilichopita na kuwasha taa ya kuondoa chokaa kwa kufuata namba uliyoiwekea. Ukiacha namba ya kiwandani wakati maji yako ni magumu zaidi, taa itachelewa. Ukiweka namba ya juu wakati unatumia maji ya mvua, utanunua dawa bure.

Maji ya mvua ni laini na mazuri kwa mashine, mradi yamechujwa na kuchemshwa, kwani bati la nyumba lina vumbi na kinyesi cha ndege. Kahawa yake huwa imepooza kidogo. Mimi huchanganya nusu kwa nusu na ya kisima.

Dawa ya kuondoa chokaa ya kiwandani ni ghali na haipatikani Koboko kwa urahisi. Watu hutumia siki: mimi sishauri, harufu hukaa na mipira ya ndani huharibika. Ndimu ya unga hufanya kazi ikiwa imeyeyushwa kwenye maji ya baridi na kisha mashine kusuuzwa vizuri. Ikipata moto mkali inaweza kuacha ukoko wa aina nyingine ambao ni mgumu kuliko ule wa kwanza. Kama mashine bado ina waranti, nunua ya kiwandani na utunze risiti.

Buni, na ile kokoto

Hapa ndipo mashine nyingi za West Nile zitakapofia, kwa hiyo msomaji aniruhusu nikae kidogo.

Tuko karibu na kahawa nzuri. Nyanda za juu za Zombo, wilaya iliyotolewa kutoka Nebbi mwaka 2010, hulima arabika, na Paidha ni mji wa wanunuzi. Sehemu ya kahawa hiyo hukaushwa na tunda lake, aina ambayo katika biashara huitwa Drugar, tofauti na ile iliyooshwa, yaani Wugar. Anayetaka kunywa kahawa ya nyumbani badala ya pakiti ya Italia iliyozunguka dunia ana haki kabisa. Lakini kahawa iliyokaushwa chini, juu ya udongo au turubai lililochakaa, huja na kokoto. Sufuria na kinu cha mbao havijali kokoto. Kisagio cha mashine kina meno mawili yanayokaribiana sana, ya chuma au ya kauri, na kokoto ya ukubwa wa punje ya mtama inatosha kuyasimamisha. Ya kauri hupasuka ukingo. Ya chuma hupata pengo, ikasaga vibaya siku zote zilizobaki.

Yangu yalikuwa ya kauri. Spea zilipatikana Kampala baada ya wiki tatu, zikaja kwa basi, na mimi nilikuwa tayari nimezoea tena kahawa ya sufuria ya mama mkwe, ambayo, niseme ukweli, ina tangawizi na inanishinda mashine.

Dawa yake ni ungo. Pepeta buni mbichi, kisha zipitie tena baada ya kukaanga, kwa sababu kokoto haibadiliki rangi kama buni na inaonekana haraka juu ya sinia jeupe. Pitisha na sumaku kuondoa misumari na vipande vya waya wa magunia. Kazi ya dakika kumi kwa kilo. Ukisikia mlio wa ajabu, zima palepale; usibonyeze mara ya pili kuona kama itapita. Ondoa buni zote kwa kijiko, geuza mashine kama kitabu chake kinaruhusu, au fungua jino la juu, utaipata.

Kukaanga nako kuna mambo mawili. Buni iliyokaangwa kidogo juu juu, nje kahawia na ndani bado kijani, ni ngumu na humchosha motari wa kisagio. Lazima ifike kwenye ule mlio wa kupasuka kama bisi. Ile iliyokaangwa hadi inang'aa mafuta nayo hugandisha kisagio, haishuki, na mashine huandika kwamba buni zimekwisha wakati chombo kimejaa. Ya katikati ndiyo. Iache siku tano hadi saba itoe hewa yake kabla ya kuitumia, na unapopanga bei kumbuka kwamba kilo moja ya buni mbichi hubaki kama gramu 800 hadi 850 baada ya kukaangwa.

Na tangawizi, iliki au mdalasini visitiwe kamwe kwenye chombo cha buni. Vivyo hivyo sukari, na kahawa iliyokwisha sagwa. Vitie kwenye kikombe. Mashine nyingi zina kitundu cha pembeni cha unga wa kahawa, kijiko kimoja tu; hicho ni cha kahawa, si cha viungo.

Usafi wa kila siku

Hapa nitapita haraka kwa sababu kazi yenyewe si ngumu, ugumu ni kuifanya. Mwaga machicha na maji ya trei kila siku, hata kama taa haijawaka; katika joto la huku ukungu huota kwa siku mbili. Mara moja kwa wiki toa kitengo cha kupikia, kioshe kwa maji ya vuguvugu bila sabuni, kiache kikauke nje ya mashine. Kila miezi michache paka mipira ya duara, ile ambayo mafundi huiita oringi, girisi ya silikoni ya vyakula. Si girisi ya gari, tafadhali. Mlio wa kukwaruza wakati kitengo kinapanda ndio ishara kwamba girisi imekwisha.

Kama mashine ina sehemu ya maziwa, suuza kila baada ya kutumia, hata kama ni kikombe kimoja. Maziwa yaliyobaki kwenye mrija wa plastiki saa nne za mchana wa Koboko yanakuwa kitu kingine. Kwa maoni yangu mashine isiyo na mrija wa maziwa inatosha, maziwa yachemshwe jikoni kama kawaida.

Na mende. Wanapenda pale penye joto, giza na unga wa kahawa, na wanaingia hadi kwenye bodi. Ukinunua iliyotumika, ifungue mlango na umulike tochi ndani kabla ya kutoa pesa.

Hesabu ya kikombe

Tuchukulie mashine imegharimu shilingi za Uganda 2,400,000 na itadumu miaka minne. Nyumba inayokunywa vikombe vitano kwa siku itapata vikombe 7,300, yaani mashine peke yake ni kama shilingi 329 kwa kikombe. Kahawa iliyokaangwa ikiwa shilingi 40,000 kwa kilo na kikombe kikichukua gramu 9, ongeza 360. Dawa, girisi na kichujio tuseme 150,000 kwa mwaka, ni 82. Umeme tuweke 40. Jumla ni karibu shilingi 811.

Nyumba ya vikombe viwili kwa siku, kwa bei zilezile, inafika karibu 1,430. Bei za sokoni hubadilika na kila mtu aweke zake, lakini mwelekeo ni huo: asiyekunywa sana ananunua chuma, si kahawa.

Wengi wanaponisikia wananijibu kwamba wataiweka kibandani wauze. Mashine ya nyumbani haikutengenezwa kwa vikombe thelathini kwa siku, na waranti nyingi hufutika ikitumika kwa biashara. Ikichoka baada ya vikombe 10,000, hiyo ni siku 333 za kibanda. Hesabu bado inaweza kulipa, lakini ihesabu kama kifaa cha mwaka mmoja, na weka kando pesa ya nyingine kuanzia kikombe cha kwanza.

Mpakani na forodhani

Mashine ya nyumbani huingia kwenye kifungu cha 8516.71 cha forodha. Zile kubwa za mikahawa huwekwa 8419.81. Wakala wako aandike sahihi tangu mwanzo. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi nne tangu Julai 2022, yaani asilimia 0, 10, 25 na 35. Muulize wakala ngazi ya mwaka huu kabla ya kuagiza. Mfano tu: mzigo wa thamani ya shilingi 1,000,000 hadi bandarini, ushuru ukiwa asilimia 25, ni 250,000. VAT ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo, yaani 225,000. Asiye na msamaha wa kodi ya zuio analipa asilimia 6, nayo ni 60,000. Umefika 1,535,000 kabla ya tozo nyingine, ghala na usafiri. Bidhaa za umeme pia huhitaji cheti cha ukaguzi kabla ya kusafirishwa kinachosimamiwa na shirika la viwango la UNBS.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kudhani kwamba cheti rahisi cha uasilia, kile cha wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000, kitamsaidia kuivusha kwenda Sudan Kusini au Kongo kwa kuwa nchi hizo zimo ndani ya Jumuiya, moja tangu mwaka 2016 na nyingine tangu 2022. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Buni za Zombo zinafaa. Mashine ya Italia au China haifai, hata kama imekaa dukani kwako Koboko mwaka mzima.

Anayeagiza kwa kuuza alete na spea palepale: jozi za meno ya kisagio, oringi, girisi, vitengo viwili vitatu vya kupikia, vyote vya modeli moja. Ni afadhali modeli moja mashine sita kuliko modeli sita tofauti, maana ile inayokufa inakuwa ghala la spea la wenzake.

Na kwa wasafirishaji: kabla ya kupakia, mwaga tangi, tumia programu ya kuondoa maji ndani ya mashine kama ipo, toa kitengo cha kupikia na ukifunge peke yake kwa kitambaa, ondoa buni zote, na mashine isimame wima. Lami ya Vurra hadi Oraba ni nzuri, lakini njia ya kuingia Dranya bado inajua kutikisa mzigo.